Siku za Jembe Ambazo Bendi Haikuzilima

Wanaopaswa kujibu ni Waingereza wanne, wanachama wa bendi ya muziki wa roki ambayo mpaka leo inasifiwa kwa kujijenga yenyewe bila kampuni wala mfadhili. Si kamati ya kiwanda cha kahawa iliyowapa stoo, si marehemu mwenyekiti aliyewafungulia mlango, wala si mama yangu, Nyambura, aliyebeba lawama yao mgongoni, na neno mgongoni silitumii kwa mfano. Jina la bendi sitaliandika hapa. Wenyewe wanajijua, na nimekuwa karani wa baraza muda wa kutosha kujua kwamba lalamiko halipaswi kugeuka kuwa tangazo la bure. Nimestaafu na nimechoka. Ningependa kukamua ng'ombe wangu hapa Mukurweini, nipeleke maziwa barabarani, kisha ninyamaze. Lakini yapo mambo ambayo yakiachwa yasimuliwe na upande mmoja tu, upande wa pili huishia kuwa kelele za nyuma ya wimbo.

Msimu ninaousimulia nilikuwa msichana wa shule ya msingi, na ulinuka maganda ya kahawa. Uchumaji ulikuwa umekwisha, mashine ya kumenya ilikuwa imeoshwa na kufunikwa magunia, lakini lundo la maganda nyuma ya kiwanda lilikuwa bado linachacha juani, likitoa ile harufu tamu na chungu kwa pamoja, harufu inayoshika nywele na haitoki kwa sabuni ya kawaida. Ulikuwa mwezi wa kiangazi. Asubuhi mlima ulionekana wazi, mweupe kichwani, na kufikia saa nne ulikuwa umejifunika. Wanawake walikuwa wakitayarisha mashamba kabla ya mvua za masika, na ukisimama penye meza za kukaushia kahawa ulisikia majembe kutoka ng'ambo zote mbili za mto, moja likijibu lingine. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimya. Stoo yake kubwa ya mabati, yenye sakafu ya mbao, ilikuwa tupu, na chini kando ya mto kulikuwa na injini ya dizeli yenye uwezo wa kuwasha taa. Hakukuwa na umeme mwingine karibu nasi, na ndiyo sababu habari hii ilianzia kiwandani.

Kolini alikuwa mwalimu wa hesabu wa kujitolea katika shule ya sekondari jirani, na alikaa katika chumba cha uani kwetu. Alisema Kiswahili cha vitabuni, safi kuliko chetu, na alipiga gitaa jioni. Mwezi ule rafiki zake watatu walimfuata kutoka Uingereza: Toni mwimbaji, mpiga besi aliyekuwa mkimya kama jiwe, na mpiga ngoma mwenye nywele hadi mabegani, ambaye wanawake walimtazama kwa huruma wakidhani ana msiba. Walileta mashine ya kurekodia kubwa kama sanduku la safari. Kampuni za muziki za kwao zilikuwa zimewakataa moja baada ya nyingine, wakaamua kurekodi wenyewe mahali ambapo hapana wa kuwakatisha tamaa. Kolini aliwapeleka mbele ya kamati ya kiwanda kuomba stoo na injini, na kwa kuwa walikuwa wageni wa nyumba yetu, mama alikwenda nao, nami nikamfuata mama.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kariithi, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata katikati ya kiangazi. Aliuliza, "Sasa hao watu wa kampuni wakikataa, muziki inakufa?"

"Haufi, mzee," Kolini akajibu. "Tutaurekodi wenyewe, tutatengeneza santuri wenyewe, na tutaziuza wenyewe, duka kwa duka."

"Ati duka kwa duka! Kama mama wa ndizi," mwanakamati mmoja akasema, na wote wakacheka.

Mzee Kariithi hakucheka. Alisema kwamba yeye aliwahi kuambiwa kahawa si zao la mtu mweusi, na sasa anakalia kiti cha kiwanda cha kahawa. "Wapewe stoo. Dizeli wanunue. Lakini nani anasimama na wao?"

Mama akainua mkono. "Mimi. Mwalimu anakaa kwangu."

Swali lile halikuwa la adabu tu. Kwetu, mgeni hana neno lake mwenyewe mpaka awe na mwenyeji wa kulibeba. Akiharibu, haendewi yeye. Anaendewa aliyeinua mkono. Sina hakika kama Kolini alilifahamu hilo siku ile. Baadaye alielezwa, nami nilikuwapo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mama aliwapa majembe. Wakati ule wanawake wa mtaa wetu walilima kwa ngwatio, yaani kwa zamu: leo kundi zima liko shambani kwako, kesho kwangu, na kila aliyepokea siku ya wenzake lazima airudishe kwa jasho lake. Wale vijana waliingia shambani kwetu wakiwa na mikono laini na nia njema. Mpiga ngoma aling'oa viazi vya mama akidhani ni magugu. Toni alilima kwa kugusagusa udongo, na Nyawira, jirani yetu mwenye sauti nzito na ulimi mwepesi, akawafanya wenzake wote wapinde migongo kwa kicheko.

"Wewe Toni! Jembe si gitaa, usiibembeleze!"

"Anasema nini?" Toni akamwuliza Kolini.

"Anasema unalima vizuri," Kolini akamdanganya, na Toni akainama kushukuru, jambo lililomfanya Nyawira akae chini kabisa akicheka.

Ilikuwa siku njema, na haki yao nawapa: walilima hadi mwisho wa mtaro, ile ngazi ya shamba iliyochongwa mteremkoni, viganja vikiwa na malengelenge. Jioni wakati wa uji wanawake waliimba, na Toni akasimama na kikombe mkononi kama aliyesahau njia ya mdomo. Kesho yake alikuja na ombi. Aliwataka waimbe stoo, juu ya ile sakafu ya mbao, wakipiga miguu, huku bendi ikipiga pamoja nao.

Mama aliuliza swali moja. "Hii ni kazi ama ni mchezo?"

Kolini alitafsiri. Toni alifikiri, kisha akasema kwa uzito wote wa uso wake kwamba ni kazi, na kwamba kwake hakuna kazi nyingine duniani.

"Kama ni kazi, hiyo ni ngwatio," mama akasema. "Sisi tunakupea siku yetu. Wewe unatupea siku yako, kwa kila shamba ya kila mtu. Mwalimu, mwambie vizuri, asikubali kitu hajui."

Kolini alimwambia vizuri. Nilimsikia akieleza hadi habari ya mvua, kwamba siku hizo zirudishwe kabla haijaanza. Wote wanne wakakubali, na mpiga ngoma akaonyesha malengelenge yake kama muhuri.

Wanawake waliacha mashamba yao na kuingia stoo. Kazi ile ilichukua siku kadhaa zaidi ya ilivyodhaniwa, kwa sababu mpiga ngoma hakuweza kushika mwendo wetu. Alipiga kwa nguvu mahali ambapo sisi huinama. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano ya Timau na alirudi nyumbani mara moja moja, lakini alikuwa ameacha karing'aring'a yake ukutani, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma katika ngoma ya mwomboko. Mama alinituma niilete, akanisimamisha mbele ya mpiga ngoma. "Tazama mtoto," alimwambia. "Hatua mbili, kuinama. Hatua mbili, kuinama." Niligonga, naye akanifuata, na baada ya muda uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Vumbi la kahawa kuukuu lilipanda kutoka kwenye nyufa za mbao, injini ilinguruma kule mtoni, na sauti ya Nyawira ilipita chini ya ile ya mama kama mfereji chini ya daraja. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile tena.

Kisha waliondoka. Barua ya kuwaita ilifika, duka moja kubwa la kwao lilikuwa tayari kupokea santuri zao zikiwahi, na katika kujenga jina, kuchelewa ni kukosa. Kolini naye alikuwa amemaliza mkataba wa shule. Toni alimshika mama mikono yote miwili, akasema watarudi kulima mara santuri zikitoka. Mama akamwambia mvua haisubiri santuri. Walicheka, wakaingia garini, nasi tukapunga mikono mpaka vumbi likatua.

Wiki iliyofuata Nyawira alisimama langoni kwetu. Alitania, lakini jembe la mama lilikuwa limeegemea ukuta na macho yake yalikuwa pale. "Nyambura, bendi yako iko wapi? Shamba yangu inangoja gitaa."

Mama alichukua jembe, akamfuata.

Ndivyo alivyolipa. Alikwenda shamba kwa shamba, kwa kila mwanamke aliyeimba, akirudisha siku za watu wanne kwa mikono miwili. Jumamosi nilikwenda naye, na siku nyingine pia, nikaikosa shule. Mtaro wetu wa juu haukuguswa. Mvua ilipoanza ulikuwa bado mgumu kama barabara, na maharagwe ya mwaka ule hatukuyavuna kwetu. Walio na nafasi ya kusema walisema Nyambura alilipwa na Wazungu kwa siri, maana ni nani hulima deni lisilo lake? Baba aliporudi kutoka Timau na kuuona mtaro, aliuliza kwa nini. Mama alikuwa akikanda kiuno chake kwa maji ya moto.

"Mgeni ameenda, jembe imebaki," akasema. Baba alikwenda kuangalia ng'ombe.

Mwaka huu binti yangu, anayefanya kazi Nanyuki, alikuja na simu yake. Bendi imetoa upya ile santuri ya kwanza, na wazee wale, maana sasa ni wazee kama mimi, wanahojiwa kote kuhusu namna walivyojijenga. Nilimwona Toni, sasa mwenye upara, akisema kwa Kiingereza kwamba hawakusaidiwa na mtu yeyote, kila kitu walikifanya wenyewe. Alipoulizwa kuhusu wale wanawake wa wimbo wa mwisho, alisema ni sauti walizozikuta huko milimani. Walizikuta! Kama mtu anavyokuta kuni njiani. Alikuwa na uso wa mtu anayeamini asemacho, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Mama yu hai. Haoni vizuri, na kiuno hakikunyooka tena, lakini masikio yake ni mazima. Tulimwekea wimbo. Alisikiliza mpaka nusu, akainua kidole. "Huyo ni Nyawira. Ameingia mapema, kama kawaida yake." Akawataja wote kwa sauti zao, wanawake ambao sasa wote wamelala makaburini, na chuma kilipogongwa akanielekezea uso. "Na huyo ni wewe." Wimbo ulipokwisha aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari ya mgonjwa, "Walisema wanarudi lini?"

Sasa kiwanda kinahifadhi chakula cha ng'ombe. Nusu ya mikahawa imeng'olewa, ndizi zimechukua mahali pake, na langoni hukaa vijana wa bodaboda wasiojua kwamba ndani kuliwahi kuimbwa. Ngwatio haipo. Ukitaka kulimiwa unapiga simu, kibarua anakuja, unamtumia malipo kwa simu hiyohiyo, na hakuna anayedaiwa siku yake. Ni utaratibu safi, na sitasema uongo kwamba siutumii. Lakini katika utaratibu huu mtu anaweza kweli kudhani amejijenga peke yake. Katika ule wa zamani asingeweza, maana kidole kimoja hakivunji chawa, na kila mtaro wa shamba lako ulikuwa na alama ya mkono wa mtu unayemjua jina.

Kwa hiyo nawataka Kolini, Toni na wenzao wawili watoe maelezo, hadharani, mahali pale pale walipotolea madai yao. Waseme ni nani aliyewapa stoo na ni nani aliyesimama nao. Wawataje wanawake walioimba kwa majina yao. Majina ninayo, na nitayatoa siku watakapoyaomba. Wakiri kwamba siku walizopokea zilirudishwa na mwanamke mmoja ambaye hazikuwa deni lake, ili wajukuu wa wale waliomsema wajue kwamba hakulipwa chochote na mtu yeyote. Mwisho, waeleze ni lini wanarudi. Sitapokea mwakilishi, wala kibarua wa kutumwa, wala samahani isiyo na tarehe. Mtaro wa juu upo, mvua za masika hazijaanza, na aliyeuliza swali bado anasikia.