Mama Mkwe Hajamaliza

Saa ya umeme iliyoning'inia ukutani ilikuwa na namba nyekundu, kubwa kama milango, na ilikuwa inahesabu kwenda chini. Ikifika sifuri, mpira unaanza. Kila namba ilipobadilika Funguo alihisi mtu anamminya mbavu, maana katikati ya uwanja, penye ule mduara wa kurushia mpira wa kwanza, hakukuwa na mpira wala mwamuzi. Alikuwapo mama mkwe wake, kipaza sauti mkononi, anatoa ushuhuda, na ndiyo kwanza amefika kwenye utoto wake.

Funguo alikuwa mtunza ukumbi. Jina lilitokana na shada la funguo kiunoni, zito kiasi kwamba suruali zake zote zililala upande wa kulia, na fundi cherehani alishazoea kumshonea mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake bila kuulizwa. Timu ya ukumbi huo ilikuwa ya ligi ya kulipwa, ya mpira wa kikapu, wachezaji warefu hata mmoja wao, Mlingoti, akiinama kukusalimia unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukamkuta bado yuko njiani.

Kanisa nalo liliingia humo kwa sababu ya upepo. Ulikuja ukabeba paa lote, na paa halikuanguka mahali popote. Wapo walioliona likipita juu ya soko, kengele inalia, na mpaka leo wanaamini liko safarini. Waumini wakabaki nje kama vifaranga. Ndipo Funguo alipokwenda kwa Meneja wa ukumbi, akabembeleza, akabembeleza tena, mpaka Meneja akakubali: Jumapili asubuhi muingie, lakini kiatu kisiguse sakafu yangu ya mbao, na timu ya wageni ikifika mnikabidhi uwanja. Tangu hapo wakawa wanamwabudu Mungu kwa soksi. Viatu vinapangwa nje ya mlango mkubwa, na humo ndani hata mzee wa kanisa mwenye makeke akipita na sadaka husikii hatua yake.

Asubuhi hiyo Meneja alikuwa amemshika Funguo mkono pale mlangoni.

"Jumapili iliyopita mmetoka wageni wameshavaa jezi. Mwamuzi alinitazama kama mimi ndiye mhubiri."

"Nisamehe, bosi. Roho ilishuka."

"Leo ishuke mapema. Mkichelewa tena, kanisa lako likatafute pengine. Sirudii."

Hakuwa mtu wa kurudia kweli. Na sasa wageni walikuwa wameshafika. Huko koridoni mpira ulikuwa unadundwa, du, du, du, akina mama wa mstari wa mbele wakadhani ni ngoma, wakaanza kuuitikia kwa makofi.

"Basi mama yangu mzazi akaniambia," mama mkwe alikuwa anasema, "mwanangu, dunia hii. Nikamwambia, mama, dunia gani. Akaniambia, hii hii."

"Amina," watu wakasema.

Taabu ni kwamba katika kanisa lile ushuhuda haukatwi. Mchungaji alikuwa ameliweka hilo baada ya kumkata bwana mmoja aliyekuwa anaelekea kwenye muujiza. Yule bwana akanuna, akahama na ngoma ya kanisa, wakaimba kwa makofi mpaka viganja vikaota sugu. Tangu hapo shahidi hunyamaza mwenyewe, akisema "nimemaliza," na si kabla. Mama mkwe hakuwa amewahi kusema neno hilo mahali popote, hata mezani.

Funguo alijisogeza pembeni, akamwonyesha Mchungaji kifundo cha mkono, pale watu wanapofunga saa. Mchungaji akatabasamu. Funguo akanyoosha mkono wote kuelekea zile namba nyekundu. Mchungaji naye akainua mkono wake juu, akafumba macho. Waumini walipoona mchungaji kainua, wakainua wote.

Funguo akaitazama. Mikono ile ile, akawaza. Mchana ikifika, watu wengine watakaa humu humu na watainua mikono hivi hivi mpira ukiwa hewani. Funguo alikuwa ameyaona mengi humo. Aliwahi kusikia jina la Mungu likitajwa mara nyingi zaidi kwenye mtupo mmoja wa adhabu kuliko kwenye ibada nzima, tena na watu ambao kanisani hawaonekani. Aliwaona wanaume wazima wakilia kwa mtupo uliogonga chuma ukatoka, na wengine wakilia kwa zaburi, na machozi yote hayo aliyafuta yeye kwa deki moja. Na spika zile zile, asubuhi zinasema tubuni, mchana zinasema twende tukacheze, hazijaungua hata siku moja. Lakini hayo ni ya kuwaza ukiwa umekaa. Yeye alikuwa amesimama, na saa inakula.

Akamwendea shemeji yake. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, mtoto wa huyo huyo mama anayesema, na ndiye mwalimu wa kwaya.

"Shemeji, anzisha wimbo wa kutokea."

"Wimbo wa nini?"

"Wa kutokea. Ukianza tu, watu watainuka wenyewe."

Hilo lilikuwa kweli. Wimbo huo ukianza hakuna anayebaki amekaa. Kwaya inatangulia, waumini wanafuata wakicheza mguu kwa mguu, wanatoka nje, na ibada imekwisha.

Shemeji alimtazama kama aliyeombwa kuuza nyumba.

"Nimkate mama yangu? Mbele za watu? Mkate wewe."

"Mimi ni mkwe."

"Ndiyo maana. Wewe akikulaani, laana inasafiri mbali kidogo. Mimi itanikuta hapa hapa."

"Watatufukuza humu."

"Hatufukuzwi. Mama anakaribia kuolewa hapo. Akishaolewa huwa anaharakisha."

Funguo akageuka. Mlango wa pembeni ulikuwa umefunguka kidogo, na vichwa vya wageni vimepangana kwenye uwazi huo, kimoja juu ya kingine, vinachungulia. Nyuma yao alisimama Meneja. Alikunja mikono kifuani, akatazama saa, akamtazama Funguo.

Ndipo Funguo alipoinua macho kwenye kibanda cha vioo kule juu ya viti vya mashabiki, akamwona dijei anafuta vumbi kwenye mitambo yake. Yeye alikuwa analijua jambo ambalo kanisa zima halikulijua.

Wimbo ule wa kutokea, shemeji aliwaambia watu kwamba sauti yake ilimjia alipokuwa amefunga kula, chumbani, mlango umefungwa, na malaika ndiye aliyemwimbia. Watu walilia. Mchungaji mwenyewe alipiga magoti. Funguo hakulia, kwa sababu alikuwa ameusikia wimbo huo mara nyingi kuliko alivyolisikia jina lake. Kila timu ya nyumbani inapoomba mapumziko, dijei huupiga. Ni wimbo wa redioni, wa mwanamke anayemuuliza mumewe rangi ya mdomo kwenye kola imetoka wapi. Shemeji aliyatoa maneno akaweka mengine, basi. Funguo alimbana siku moja kwenye stoo ya mipira, na shemeji akamshika miguu: nifichie. Akamfichia.

Sasa akapanda ngazi mbili mbili, funguo zinalia kiunoni.

"Ule wa kola," alimwambia dijei huku akihema.

"Sasa hivi? Kuna ibada, mzee."

"Piga mwanzo tu, ule wa magitaa. Maneno yasitoke."

"Mwanzo ni mfupi."

"Urudie. Ukiisha urudie, mpaka mtu wa mwisho atoke. Ukiniachia hata neno moja, umeua ndoa yangu."

Dijei alicheka, akaona Funguo hacheki. Akaweka kidole kwenye mtambo.

Gitaa likaingia.

Mama mkwe alikuwa anasema, "Siku hiyo mvua," akasimama hapo hapo. Kwaya haikufikiri. Miili iliinuka kabla ya akili, kama watu walioguswa na moto. Shemeji, mgongo umekakamaa, alitazama spika, akatazama juu kwenye kioo, na wakati huo waimbaji wake walikuwa wameshampita wakielekea mlangoni. Ikambidi akimbilie mbele ili aonekane anawaongoza. Waumini wakafuata. Soksi za kila rangi ziliburuzika kwenye mbao, shhh, shhh, wanaimba maneno yao matakatifu juu ya gitaa la kola, na Funguo kule juu ameng'ang'ania ukingo wa dirisha. Mwanzo ukaisha. Dijei akaurudisha. Ukaisha tena, akaurudisha tena. Nusu ya watu walikuwa nje.

Taa zikapepesa. Umeme ulikatika kwa kiasi cha kukohoa, ukarudi, na mtambo uliporudi ulianzia ulipotaka.

*Niambie baba watoto, hii rangi ya nani,* yule mwanamke akaimba kwenye spika zote.

Mstari ukasimama mlangoni. Ndani watu walibaki mguu mmoja juu. Shemeji alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, uso umemshuka, anangoja kupigwa. Funguo alifumba macho. Nimemmaliza mtoto wa mama mkwe wangu, akajisemea, na mama mkwe nimemkata, na kanisa nimelikosesha mahali, vyote kwa asubuhi moja.

Mzee mmoja wa kanisa akasikiliza vizuri, kichwa amekiinamisha. Kisha akasonya.

"Mnaona? Wameiba wimbo wetu."

"Wezi hawa," akaitikia mama mmoja. "Na maneno wameyachafua."

"Wa malaika kabisa, hawana hata aibu."

"Pole, mwalimu," watu wakaanza kumwambia shemeji, wengine wanampigapiga begani. "Pole sana. Wewe uliufungia kula, wao wanaulia ugali."

Shemeji alikubali pole moja baada ya nyingine, kichwa chini, na wakatoka wote wakilaani muziki wa dunia huku wakiucheza.

Funguo alishuka mbio. Wachezaji walikuwa wameshaingia, wa nyumbani na wageni, wanaondoa viti vya ibada kama wahamaji, Mlingoti amebeba rundo zima kwapani. Nguzo za vikapu zikasukumwa kwa magurudumu mpaka mahali pake. Kilichobaki uwanjani kilikuwa mduara wa kati, mimbari, Mchungaji na mama mkwe. Kipaza sauti bado kiko mdomoni. Mchungaji alisimama kando yake, mikono ameifumbata, kwa sababu shahidi hajasema neno lake la mwisho na lazima mtu amsikilize.

Mwamuzi alikuwa amesimama mstarini, filimbi shingoni. Meneja alikuwa nyuma yake. Hapo hapakuwa na wa kutumwa. Funguo alikwenda mwenyewe.

"Mama."

"Mkwe."

"Naomba hicho kipaza sauti."

Akamtazama toka kwenye soksi mpaka kichwani. "Muziki ule ni wewe?"

Angeweza kumsingizia dijei. Angeweza hata kumsingizia malaika wa shemeji. "Ni mimi, mama."

"Umenikata."

"Nimekukata."

"Mbele ya kanisa zima. Na kwangu ulikula."

"Nilikula, mama. Wangetutoa humu leo. Tungerudi juani."

Yule mama alikaa kimya, jambo ambalo Mchungaji alilishuhudia na baadaye alilihesabu kati ya miujiza. Kisha akamwekea Funguo kipaza sauti mkononi.

"Nilikuwa nafika kwako," akasema.

Akaondoka taratibu, anakwepa wachezaji, hakusema kwamba amemaliza. Funguo na Mchungaji walibeba mimbari mbio, mmoja huku na mmoja huku, na walipovuka mstari namba nyekundu zilikuwa zimebaki sifuri na kitu kidogo. Mwamuzi akapuliza filimbi. Mpira ukaruka pale pale mama mkwe alipokuwa amesimama.

Meneja alipita karibu na Funguo. "Zilibaki sekunde," alisema.

"Zilibaki, bosi."

"Jumapili ijayo sitaki sekunde. Nataka nafasi ya kunywa chai." Akaenda zake. Funguo akaenda kuchukua deki.

Mama mkwe hakwenda nyumbani. Alipata kiti kwenye viti vya mashabiki, safu ya mbele, bado ana soksi, mkoba magotini, anaangalia watu warefu wakigombania kitu kimoja. Timu ya nyumbani ilipokuwa nyuma hakushtuka, na ilipoongoza hakupiga makofi. Mapumziko yakaombwa, wimbo wa kola ukapigwa wote na maneno yake, akatikisa kichwa kwa huzuni juu ya wezi. Funguo hakuona hata mpira mmoja ukiingia kikapuni. Alipita na deki mbele yake, akarudi, akapita tena mahali palipokuwa pakavu, mwisho akaketi kiti cha pembeni yake.

"Mama, ulikuwa unataka kusema nini juu yangu?"

"Lini?"

"Pale nilipokukata. Umesema ulikuwa unafika kwangu."

"Nilikuwa nafika."

"Kwa wema au kwa ubaya?"

Mama mkwe alifungua mkoba, akatafuta kitu, hakukipata, akaufunga. "Ushuhuda unatolewa kanisani," akasema. "Jumapili nitaanza upya, tangu nilipozaliwa. Wewe hakikisha tu tuna mahali."