Alizihesabu Chembe Kana Kwamba Hazina Jirani

Saa tatu asubuhi, katika chumba chenye meza mbili na kiyoyozi kinachokoroma, mtaalamu wa hesabu anatazama mistari miwili kwenye kompyuta. Mwekundu ni ule alioutabiri yeye. Mweusi ni matokeo ya maabara. Ilitakiwa ilaliane, lakini imeachana mapema na kila mmoja umeshika njia yake.

"Ona mweusi unavyopanda," anasema, akigonga kioo kwa ukucha. "Mimi nilisema utatulia."

Kazi yake ni ngumu kuieleza, na mama yake huwaambia watu kuwa binti ni karani wa hospitali, yaishe. Ukweli ni kwamba anaandika milinganyo ya kuonyesha ni lini chembe nyeupe ya damu, ile ya kutulinda na maradhi, inaamka na kuanza kupigana. Chembe haikurupuki. Huguswa, hupima, na ikivuka kiwango fulani ndipo huwaka. Ukikijua kiwango hicho, unaweza kukokotoa kipimo cha dawa ya kuituliza.

Na kuna mtu anayeihitaji dawa hiyo. Mdogo wake, fundi cherehani, anashambuliwa na chembe zake mwenyewe. Zilianza na viungo vya vidole, sasa ziko kwenye figo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu, masikini, kimo ndani ya ngozi.

Kwa miaka mitano mdogo mtu amekuwa akitoa damu, na dada mtu akizifanyia hesabu chembe zake. Majaribio yalikubali. Maabara ilisherehekea kwa soda. Kisha mwezi uliopita chembe zikajazwa kwenye kisahani kwa msongamano kama wa mwilini, zikawekewa dawa kwa kipimo cha milinganyo, na hakuna kilichotulia.

"Dawa ilikuwa kama maji," anasema fundi wa maabara. "Nikarudia. Nilitamani niwe nimekosea mimi."

Hakukosea. Chembe moja ikiamka humwaga kemikali inayowaamsha majirani. Mtaalamu alilijua hilo; katika fani yake ni jambo la darasani. Lakini kila alipoliingiza, milinganyo ilikataa kutatulika.

"Nikalifuta, nikasema nitalirudisha baadaye," anasema. "Majibu yakaanza kutoka mazuri. Nikanogewa, nikasahau kabisa kwamba kuna kitu nilifuta."

Majibu yalikuwa mazuri kwa sababu majaribio ya mwanzo yalitumia chembe chache, zilizotawanyika, kila moja peke yake. Inauma kusikiliza, maana hakuna mwingine wa kulaumiwa. Anaongea huku akiutazama ule mstari mweusi, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta.

Mchana yuko nyumbani kwa mdogo wake. Cherehani imefunikwa shuka, vidole havishiki tena sindano. Mgonjwa anasikiliza habari yote, halafu anacheka.

"Dada, miaka yote hiyo hukujua chembe zangu ni wambea? Si zimenirithi mimi!"

Dada hacheki. Anaeleza kwamba ataanza upya, safari hii na majirani ndani ya hesabu. Itachukua miaka miwili, mkataba wake ukiongezwa. Daktari wa figo amekwisha kuwaambia wasitegemee miaka miwili.

Mgonjwa anapandisha mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko.

"Haya, chukua damu uanze."

"Daktari amekataza. Damu yako imepungua sana."

"Daktari si dada yangu. Nimekwambia chukua."

Mtaalamu anaushusha ule mkono wa gauni taratibu, anakifunga kifungo chake, na anabaki ameushika mkono wa mdogo wake.

Nje, mlangoni, anasema kazi mpya itaanza Jumatatu, kwa damu ya watu wengine.

"Itafaulu," anasema. "Najua sasa nilipokosea. Itawafaa hao wengine."