Kesi ya Sanda Mgogoni

Bi Mwanamize hakuwa mtu wa mahakama. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akiuza bafta ya sanda katika chumba cha mbele, na nusu ya Mgogoni imezikwa kwa kitambaa alichokichana yeye. Kisha likaja agizo la serikali: sanda iuzwe na wakala mmoja tu, kule Wesha, eti isipande bei. Bei haikupanda, kweli. Ila duka la wakala lilifungwa mapema, na mauti hayajui saa za duka.

Akafungua kesi ya katiba, kudai haki yake ya kufanya kazi. Wakili wake, Suhail, alimwonya: mpaka hukumu isomwe asiuze hata wari moja. Akilivunja agizo, kesi itakufa, na wauza sanda wa kisiwa kizima watakufa nayo.

Basi akawa hatulii. Alikunja jora, akalikunjua. Alikwenda mlangoni, akarudi, akasahau alichokiendea. Usingizi wenyewe ukawa wa mang'amung'amu.

Jumatatu moja, baada ya alasiri, akaja jirani yake Nyange, macho mekundu. Mama yake amefariki, maiti imekwisha koshwa, na Wesha kumefungwa. Bi Mwanamize akashusha jora, akamwambia achukue bure, kwani sadaka haijakatazwa na mtu. Alijiona mjanja kwelikweli.

Nyange hakulipokea. Akafungua fundo la kanga, akatoa pesa za marehemu, za kuchambua karafuu.

"Mama kausia azikwe kwa chake," alisema. "N'tamvika vipi sanda ya sadaka, naye kaacha pesa?"

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, lakini huyu alijisemea mapema. Bi Mwanamize alipandwa na hasira: na Nyange, na agizo, hata na marehemu. Lakini alijua kwamba naye angeusia vivyo hivyo. Akazipokea pesa, akapima, akachana. Bafta ikalia mpaka njiani, watu wakageuka kutazama.

Jeneza lilipoondoka alimpigia simu Suhail, akamwambia ameuza. Wakili akauliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyemwona.

"Mji mzima, mwanangu," alisema Bi Mwanamize. "Wamekwenda nayo kaburini."