Feni ya Kusikilizwa

Fundi wa kompyuta pale steji ya matatu ya Kawangware 56 huchagua feni kwa sikio. Hufuta vidole kwenye suruali, huipuliza feni izunguke, huisogeza sikioni huku amefumba macho, na isipomridhisha huirudisha kwenye boksi akinung'unika, "Hii inakoroma." Sitelbanat, aliyeileta kompyuta anayochapia kazi za watu nyumbani Kibera, alikuwa akitazama simu kila dakika. Diski na saplai ya umeme zilikwisha kubadilishwa, lakini feni tatu zilikuwa zimekataliwa.

"Fundi, weka tu iliyo kimya nirudi," alisema. "Nimemwacha mtoto kwa jirani, na ana pumu. Hulala nyuma yangu nikifanya kazi. Hii mashine ikinguruma, simsikii akipumua."

 Fundi alizima redio, akafunga mlango, akapachika feni pana, akaiwasha kompyuta na kumpa Sitelbanat mgongo. "Pumua vile mtoto hupumua akianza kubanwa. Nikikusikia, nitainua mkono."

Sitelbanat aliona haya, kisha akavuta pumzi nyembamba yenye mluzi, ile inayomwamsha hata akiwa usingizini. Mkono wa fundi haukuinuka. Akageuka, akaing'oa ile feni na kutia nyingine, akampa mgongo tena. Safari hii, kila Sitelbanat alipovuta pumzi, mkono wa fundi uliinuka. Pumzi ya nne aliivuta kidogo mno, karibu aifiche. Mkono ukainuka.

"Kama mimi nimesikia na haya masikio yaliyochoshwa na honi za steji," fundi alisema bila kugeuka, "wewe utamsikia."