Niambieni Mnaona Nini

Simu ilimkuta Scholastika uani, amepiga magoti anageuza magome ya mdalasini kwenye jamvi. Alipoona jina la Hashimu alitabasamu, maana Hashimu hakuwahi kupiga simu bila utani.

"Dada Skola, upo na nani hapo?"

"Nipo na Mama. Vipi, mtani? Mmeshiba huko mjini ndipo mnatukumbuka?"

"Sogea pembeni kidogo."

Alisogea hadi kwenye migomba, na huko akaambiwa kwamba mdogo wake Dominiko ameteleza juu ya maporomoko walikokwenda kupiga picha, ameangukia mawe, na wamemfikisha hospitali Morogoro akiwa ameshakata roho.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naye," Hashimu akasema, na simu ikakatika.

Scholastika alifanya ishara ya msalaba. Kabla hata machozi hayajatoka, neno moja lilikuwa limeshakaa kichwani mwake: walikwenda wawili, amerudi mmoja.

Dominiko alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile ya kijijini Kinole. Wenzake walipomaliza shule na kurudi kwenye mananasi na pilipili manga, yeye alishuka mjini na kamera ya kuazima, akaanza kupiga video za komunyo, kipaimara na harusi. Wapiga video walikuwa wengi. Kilichomtofautisha ni namna alivyokata vipande na kuviunga. Yeye aliita montaji, na akianza kuieleza hata chai ilipoa.

Kwenye harusi ya Upendo, jirani yao, alipiga picha ya mama wa bibi harusi akitwanga kisamvu alfajiri, kisha viatu vya bibi harusi vikitembea kanisani. Akaviunga, na mlio wa mchi akauacha uendelee chini ya vile viatu, twa, twa, twa, mpaka altareni. Hakuweka neno wala wimbo. Siku video ilipooneshwa, mama yule alijifunika khanga usoni akalia kwa sauti. "Mimi mwenyewe sikujua kwamba nilikuwa natwanga safari yake," alisema.

Mara nyingine alitaka kuonesha mwaka mzima wa mkulima wa karafuu kwa dakika chache. Akapiga picha za ngazi moja tu, ile ya kupandia miti: ina umande, ina vumbi, ina mtoto amekaa chini yake anakula embe, imeegemezwa ukutani kwa sababu mwenyewe anaumwa mgongo. "Mtazamaji si mjinga, Skola," alimwambia dada yake. "Ukimpa vipande viwili, cha tatu anakitengeneza mwenyewe."

Hashimu ndiye aliyembebea taa na vinasa sauti. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuja Morogoro kusoma akabaki, na kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani, nyumba ya Kinole ilimpokea kwa matusi na ugali. Baba yao alipofariki, Hashimu alilala kifudifudi mbele ya jeneza akadai jogoo, la sivyo mzee hapiti. Watu walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani.

Safari hii Hashimu alifika, akavua viatu, akatoa pole kwa Mama, akaenda kukaa mwisho wa turubai. Hakutania. Hakumwita mtu mchawi, wala hakudai jogoo. Alitazama miguu yake tu.

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele walianza. "Mtani gani huyu hana ulimi leo?"

"Ulimi anao. Nafsi ndiyo inamsuta."

"Rozari yangu naishika, lakini macho yangu yapo kwake."

Scholastika aliwasikia na hakuwakemea. Alikuwa anamtazama tangu asubuhi.

Mjomba Evance, kaka yake Mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa msiba, kama ilivyo kwa ukoo unaofuata upande wa mama. Alikuwa amestaafu uaskari magereza. Aliwaita wazee nyuma ya nyumba, akamwita na Scholastika, akatoa simu.

"Hii Dominiko aliituma kwenye kundi la ukoo Jumapili. Sisi tukaandika 'hongera' tukaendelea na mambo yetu. Itazameni sasa."

Ilikuwa video fupi. Uso wa Hashimu, mkavu, haupepesi. Dominiko kwa mgongo, amesimama juu ya mwamba. Uso wa Hashimu. Panga linanolewa, taratibu. Uso wa Hashimu. Maji yanaanguka. Basi. Chini yake Dominiko aliandika: *Niambieni mnaona nini.*

Mzee mmoja alivuta pumzi. "Mungu wangu. Alituaga."

"Nimekaa na wauaji gereza la Kingolwira mpaka nimepata mvi," Mjomba alisema. "Jicho hilo nalijua. Mtoto alikuwa anaomba msaada, nasi tukampa hongera. Huyu kijana haendi kaburini. Tukimaliza kuzika tunampeleka polisi, yeye na kamera. Na kamera hataki kuitoa. Nimemwomba mara mbili."

"Labda hana," Scholastika alisema.

"Ipo kwenye begi. Analilalia kama kuku na mayai."

Scholastika alimfuata Hashimu mwenyewe. "Mtani, Mjomba anataka kamera ya Dominiko."

"Si leo, dada."

"Kwa nini si leo?"

"Nakuomba. Baada ya mazishi mtanifanya mnavyotaka." Akalivuta begi karibu na goti.

Basi akaamini maneno ya Mjomba. Alimwomba Mungu amwondolee chuki, lakini aliomba haraka haraka, kama mtu anayetaka asisikilizwe.

Akaingia jikoni kuchochea maharage ya waombolezaji. Wakati kuni zinasumbua kushika, alifungua ile video tena. Aliitaka iwe wazi, imwondolee shaka yote. Uso. Mwamba. Uso. Panga. Uso ule ulimchukiza sasa. Aliusimamisha autazame vizuri, na hapo akaona, nyuma ya sikio la Hashimu, kipande cha picha ya Bikira Maria iliyoungua kona moja.

Aliinua macho. Picha ile ilikuwa mbele yake, pale pale kwenye nguzo ya jiko, na kona yake iliyoliwa na moto wa mwaka jana.

Ikamrudia Pasaka. Hashimu ameketi kwenye kigoda kile, ana njaa, na Dominiko amemwelekezea kamera. "Usicheke, Mnyamwezi. Tazama sufuria tu."

"Naitazama. Hawa Waluguru wanapika polepole ili mgeni afe wale wenyewe!"

"Nyamaza, unaniharibia!"

Na yeye Scholastika alikuwa pale, anakoroga. Uso ule wa muuaji ulikuwa unatazama maharage yake. Uso ulikuwa mmoja, umerudiwa mara tatu. Lile panga sasa alilitambua pia, la Mama, lenye mpini uliozungushwa kamba ya katani, linanolewa kwa ajili ya majani ya mbuzi.

Alikaa kwenye kigoda, kisha akatoka.

"Hashimu," alisema. Hakumwita mtani. "Humo ndani ya kamera mna nini?"

Kijana alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. "Yumo yeye. Mpaka mwisho. Ilikuwa imesimama kwenye miguu yake mitatu, inaendelea kupiga. Nilikaa naye pale, dada, nimemkinga jua kwa mwavuli wa taa. Nikiwapa kamera, Mama ataona. Nani atamzuia Mama?"

Walikwenda kwenye migomba. Hashimu alimwekea video, akageuka akatazama bonde. Hapakuwa na mkato hata mmoja. Dominiko anapita mbele ya kamera akipiga mluzi. Anamwelekeza Hashimu asimame mbali, ng'ambo ya maji. "Baki huko huko, usisogee." Anarudi nyuma kupima sehemu ya kusimama, jicho lake lipo kwenye kamera, halipo mguuni. Anarudi tena. Kisha mwamba ni mtupu, na kwa sauti ya mbali mtu anaita jina la Dominiko, na mtu huyo anaingia majini na nguo zake, anaanguka, anaamka, anaita. Scholastika akaizima.

Aliwakuta wazee pale pale. "Mjomba."

"Amekupa?"

"Nimeona. Dominiko aliteleza, Hashimu alikuwa ng'ambo. Na ule uso, Mjomba, ulipigwa jikoni kwangu. Alikuwa anasubiri maharage."

"Lakini panga..."

"Panga la Mama. Njoo uione nguzo. Dominiko alitupatia uso na panga, kuviunga tumeviunga sisi. Alituuliza tunaona nini. Haya ndiyo tuliyoona."

Mjomba alinyoosha mkono apewe kamera. Scholastika alitikisa kichwa, akatazama upande aliko Mama. Mzee alikaa na mkono ule hewani, kisha akaenda jikoni, akasimama mbele ya nguzo, akarudi amevua kofia.

"Mwambieni abebe jeneza," alisema. "Upande wa kichwa."

Mwili uliletwa kesho yake kutoka mjini. Misa ilisomwa kigangoni, na padri hakuhubiri sana. Njiani kulikuwa na tope, wabebaji walipokezana, isipokuwa Hashimu, ambaye hakukubali kupokewa. Walipofika, Mjomba Evance alimsogelea akasema jambo sikioni mwake.

Hashimu alikaa ukingoni mwa kaburi, akaning'iniza miguu. "Hapiti," alisema, na sauti yake ikavunjika. "Mluguru huyu kazaliwa mlimani, kazoea kupanda. Leo nani kamfundisha kushuka? Nipeni jogoo kwanza."

Halafu Mama, aliyekuwa hajafungua mdomo siku nzima, akasema, "Mpeni huyo mchawi jogoo wake." Watu wakacheka, na wakalia.

Jogoo akaletwa. Hashimu akaondoka njiani. Jeneza likashushwa kwa kamba, padri akanyunyiza maji ya baraka, wakaitikia "na mwanga wa milele umwangazie." Mama alitupa udongo, kisha Scholastika, kisha Mjomba, kisha Hashimu. Vijana wakachukua majembe. Hakuna aliyepiga video. Walipomaliza walichomeka msalaba, wakaweka maua, wakarudi nyumbani kula.