Viti vya Kuazima

Mjumbe wa mtaa, Mzee Matonya, alipita Jumanne jioni kusema kwamba kesho watakuja watu wa shirika kuandika kaya zenye hali ngumu, zipewe unga, maharage na sabuni. Batuli hakuwaza hali yake. Aliwaza wageni watakalia nini.

Nyumba yake ya vyumba viwili, nyuma ya soko la Majengo, ilikuwa na mkeka, ndoo mbili na kigoda. Lakini tangu alipotoka Kondoa akiwa mwali hadi leo ana miaka hamsini na miwili, hakuna mgeni aliyetoka kwake kinywa kikavu, hata mwaka ule aliofiwa na mume. Sasa alikuwa na wajukuu watatu, shule zimefungwa kwa ajili ya korona, na kazi hakuna. Kazi yake ilikuwa kupepeta. Alikaa na ungo wake sokoni akisafisha nafaka za wafanyabiashara, na chenga zilizobaki zilikuwa haki yake. Ugonjwa ulipoingia, wenye meza waliambiwa waweke ndoo za kunawia mikono, wakabaki. Wapepetaji waliokuwa wakikaa chini wamebanana waliambiwa waende nyumbani hadi hali itulie. Ulikuwa mwezi wa tatu. Sasa ulikuwa wa sita, na chenga za akiba zilikuwa zimebaki kibaba.

Basi Jumatano alfajiri, baada ya swala, akaenda kwa Salma, jirani mwenye ghala la nafaka sokoni, kuomba viti. Salma hakuwa mchoyo. Alimpa vyote vinne, vya mbao, vyenye mito ya kudarizi, akaongeza na meza ya kioo na chupa ya chai. Batuli akarudi, akamchinja tetea wake wa pekee, aliyekuwa akimpatia mayai ya kubadilisha na sabuni. Akapika.

Aliyekuja na mjumbe alikuwa kijana wa adabu, William, amevaa barakoa, kishikwambi mkononi. Akamwamkia shikamoo, akakaa kwenye kiti cha Salma, akala, akashukuru. Kisha akaanza kuuliza.

"Bibi, kwa siku mnakula mara ngapi?"

Batuli aliinamisha macho. Amwambie nini mtoto wa watu ambaye bado ana mchuzi vidoleni?

"Alhamdulillahi, mwanangu. Tunakula."

"Mara tatu?"

"Mungu hajatutupa."

William akagusa kioo chake mara kadhaa. Alipouliza kama kuna siku wamelala na njaa, Batuli alisema Mungu ni mwema, na kijana akagusa tena. Wageni walipotoka mlango wa mbele, watoto wa Sidonia, jirani wa pili, walikuwa wameshapenya uani kuja kuchukua viti wavipeleke kwao. Batuli akawasaidia kubeba.

Jumamosi majina yalisomwa mbele ya ofisi ya mtaa, watu wameachiana nafasi kama walivyoelekezwa. Batuli alikuja na mfuko mtupu, ameukunja vizuri chini ya mtandio. Jina lake halikusomwa. Alidhani halijafikiwa. Likasomwa la mwisho, karatasi ikakunjwa, naye bado alikuwa anasubiri. Na katika yale majina, aliyasikia kwa masikio yake mawili, lilikuwepo la Salma.

Salma mwenyewe alikuwa pale. Aligeuka akamtazama Batuli, mdomo wazi.

Batuli alifika nyumbani bila kujua miguu ilipita njia gani. Sidonia akamfuata, amefura. Yeye alikuwa Msandawe wa Chemba, ulimi mwepesi, na alishapita nyumba hadi nyumba kuulizia. Viti vilitoka kwa Batuli vikaenda kwake, kutoka kwake kwa Stumai, kutoka kwa Stumai nyumba nne nyingine, siku nzima vikitangulia kishikwambi kwa mlango wa uani. Nyumba zote saba ziliandikwa zina uwezo.

"Yule kijana alimwambia mjumbe mtaa huu mna fundi mzuri wa viti," Sidonia alisema. "Kwa Salma kafika mwisho. Kamkuta kakaa kwenye sakafu, viti vyake bado viko kwa watu."

Na Salma, kama walivyo wafanyabiashara, alipoulizwa habari za maisha alilalamika kama anavyowalalamikia wateja siku zote: biashara imekufa, tumebaki na roho tu. Hakukusudia ubaya. Ndiyo salamu yao.

Batuli aliketi kwenye kigoda. Kumbe mwenye ghala kwa kulalamika ameandikwa maskini, na yeye kumshukuru Mungu kumemnyima unga. Sidonia alitaka waende wakamtoe Salma nje watu wamwone. Batuli akamwambia hapana, mwenzangu, viti tuliomba wenyewe. Usiku ule aliwapa watoto uji wa chenga za mwisho, akawaambia yeye ameshakula.

Jumatatu Salma alibisha hodi kabla Batuli hajatoka kwenda popote. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema hajalala tangu Jumamosi, ana magunia arobaini ghalani na jina lake limeandikwa kwa wenye njaa, atamjibu nini Mola wake? Kisha akasema waende ofisini wote wawili, naye atasema viti ni vyake.

Alisema kweli, mbele ya mjumbe na mbele ya watu waliopanga foleni wakicheka chinichini. Mzee Matonya akashika kichwa. William, aliyekuwa pale akisikiliza malalamiko, akafungua kishikwambi, akamsomea Batuli yaliyoandikwa: viti vinne, meza ya kioo, nyama, milo mitatu, hawajawahi kulala na njaa.

"Bibi, haya ulisema wewe mwenyewe," alisema, si kwa ukali.

"Nilisema. Na sikusema uongo, mwanangu. Uliniuliza wewe, mimi nikamjibu Mungu."

William akateremsha kishikwambi magotini. Akasema marekebisho yanapokelewa hadi Ijumaa, lakini lazima aione nyumba upya. Akainuka palepale. Batuli akasema ngoja kwanza nitangulie nikafagie, na kijana akatikisa kichwa. Twende sasa hivi, bibi.

Hivyo mgeni akaingia nyumba ikiwa kama ilivyo. Alikaa kwenye mkeka, magoti yamepanda juu. Jikoni mafiga yalikuwa baridi.

"Jana mlikula nini?"

Batuli alifungua kinywa, na lile neno la shukrani likaja lenyewe hadi kwenye ulimi. Akalimeza. Alihisi uso unawaka kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Watoto walipata uji asubuhi. Tuliomba kwa Sidonia."

"Na mchana?"

"Hakuna."

"Usiku?"

"Niliwaambia walale mapema."

"Wewe?"

"Mimi sijala tangu juzi."

Kidole cha William kilisimama juu ya kioo. Alimtazama huyu mama aliyemlisha kuku mzima siku tano zilizopita, na macho juu ya barakoa yakabadilika. Akaandika polepole. Akamwambia jina limeingia, na nyumba nyingine sita atazipitia leo hii, bila mjumbe kutangaza. Unga wangeupata Jumatano.

Alisimama, akaaga. Batuli alimsindikiza hadi mlangoni, mikono ikitafuta cha kushika. Hapakuwa na chai, hapakuwa na yai la kumfungia njiani, hata maji ya kunywa alikuwa hajachota. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwacha mgeni aondoke hivihivi. Alisimama akimtazama anavyoingia kwa Sidonia, na machozi ambayo njaa haikuyatoa yakamtoka.