Raketi ya Padri na nyuzi mbili tofauti

Jamani, leo nimevunja raketi nikijaribu kuizuia isivunjike.

Na raketi yenyewe si yangu. Ni ya Padri, niliiazima.

Nyuzi zilikatika wiki iliyopita, nikaipeleka kwa Ta Rweyunga hapa Kamuli, fundi wa enanga, kile kinanda chetu cha nyuzi. Zile za kusimama akaweka nyuzi mpya za tenisi. Hazikutosha, basi za kulala akaweka nailoni yake ya enanga.

Nimecheza siku tatu. Safi kabisa!

Leo kaka yangu wa Bukoba kaiona kwenye picha, akanipigia. "Dada, unachanganya nyuzi? Fremu itapasuka hiyo!"

Nikaogopa. Nikashika mkasi, nikakata nailoni yote, nikarudi jikoni kumenya ndizi.

Ka!

Kichwa cha raketi kimekuwa kifupi na kipana, kina ufa ubavuni.

Nikakimbia kwa Ta Rweyunga, hata shikamoo niliitolea njiani. Akaigeuzageuza.

"Mwanangu, kuchanganya si tatizo. Hizi zinavuta huku, zile zinavuta kule, fremu inatulia. Wewe umekata za upande mmoja, hizi zilizobaki zimeikunja."

Nikampigia kaka, nimweleze.

"Si nilikwambia itapasuka?"

Nikaitazama raketi. Si kweli imepasuka?

Nisaidieni, nani yuko sahihi?

Na Padri, najua uko humu. Kama umesoma mpaka hapa, Tumsifu Yesu Kristo.